Mnyaa Usiotoa Maziwa

Kasoli nzima ilimjua Mhoja kwa jambo moja, nalo halikuwa zuri: uchoyo wa bomba. Mtu ana bomba la kupulizia pamba, zima kabisa, halivuji, mpira wake haujapasuka, halafu anakataa kumwazima jirani! Na si kwamba yeye alilipeleka shambani. Pamba yake ililiwa na funza huku akitazama. Bomba lile alilijaza maji matupu ya kisimani, akalipachika mgongoni kila jioni, akaenda nyuma ya nyumba na kuupulizia mkuyu. Mkuyu, jamani! Mti uliojiotea wenyewe, ambao haujawahi kumwomba mtu dawa. Wapita njia walicheka, na wenye mashamba yanayoteketea walisonya.

Usilolijua ni usiku wa giza. Kisa cha bomba hilo kilianzia mbali sana na Kasoli, kwenye milima ya Usambara, na ndani yake alikuwamo mwanamke.

Mhoja alizaliwa Shishiyu, kwenye tambarare ambako mtoto akipanda mti mrefu kuliko paa la nyumba anaitiwa watu wamwone. Akiwa kijana wa miaka kumi na minane aliondoka na kundi la manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Mkonge ulimchoma mikono mpaka akauchukia. Alipohadithiwa kwamba huko juu milimani kuna kituo cha misitu kinachotafuta watu wasioogopa kupanda miti, alikwenda bila kujiuliza mara mbili. Loo, kumbe alizaliwa kwa kazi hiyo! Alipanda kwa kamba na miguu mitupu, akapotea kwenye ukungu, akashuka na mbegu, maua na mimea ile inayoishi juu ya matawi bila kugusa ardhi. Wataalamu walimngoja chini na madaftari yao.

Siku moja alishuka na kichaka cha vijiti vya kijani, vyembamba kama mirija, visivyo na jani wala mwiba, vinavyoning'inia. Mtaalamu wake, Bwana Thomasi, alikipokea kwa mikono miwili.

"Mhoja, unamjua huyu? Huyu ni ndugu wa dungusi kakati."

Mhoja alicheka. "Bwana Thomasi, usinitanie. Dungusi ana miiba, tena anakaa kwenye ukame."

"Huyu hana miiba, na jua kali humuua. Anaishi juu kwenye miti mikubwa, kivulini, anakunywa ukungu. Madungusi mengine yote unayoyaona Afrika yaliletwa na watu. Huyu peke yake alikutwa yupo." Kisha akamwonyesha vitunda vyeupe vilivyojipanga kwenye vijiti, vidogo kama shanga, unaviona mpaka mbegu zilizo ndani. "Ndege anakula hivi. Utomvu unamnasa mdomoni, anajifuta kwenye tawi jingine, na mbegu inabaki hapo inaota. Hamnyonyi mti. Amepanga tu."

Maneno hayo Mhoja aliyashika maisha yake yote. Lakini aliyemfanya aupende mmea ule hakuwa Bwana Thomasi. Alikuwa Felisita, binti wa Kisambaa aliyeleta ndizi kituoni kuuza, ambaye alipoviona vile vitunda alivichukua bila kuomba ruhusa, akavibandika kwenye paji la uso wake vikanata, akasema, "Shanga za ndege. Tulijipamba hizi tukiwa wadogo." Mhoja alimtazama akiwa amesimama pale na shanga zake usoni, na moyo wake ukabaki hapo. Walioana mwaka uleule.

Walikaa milimani miaka zaidi ya ishirini. Mungu hakuwajalia mtoto. Waliumia, wakanyamaza, wakazoeana na maumivu hayo kama watu wanavyozoea baridi.

Ndipo ikaja mwaka tisini na tatu barua ya kupunguzwa kazi. Mageuzi, soko huria, serikali inapunguza mzigo. Mzigo wenyewe ndio huyo Mhoja, mtu mwenye magoti yaliyochakaa kwa kukwea miti ya serikali. Nyumba ilikuwa ya kituo, kwa hiyo nayo ikaondoka pamoja na kazi. Ndugu zake walikuwa wamehamia Kasoli, wakamwandikia kwamba pamba sasa ni ya yeyote, wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao mpaka mlangoni, arudi nyumbani alime.

Felisita alilifikiria jambo hilo siku tatu. Siku ya nne alisema, "Nitakufuata, Mhoja. Mke huenda kwa mumewe. Lakini unanipeleka mahali ambapo hata ukungu hawaujui. Basi niahidi jambo moja. Nikifa huko, usinizike mtupu kama mgeni. Nizike na shanga za ndege mkononi, nijue ninakotoka."

"Nakuahidi," Mhoja akasema. Ahadi ni deni, na alijua anachokisema.

Alipanda mti wake wa mwisho, akashuka na kipande cha tawi bovu chenye mmea ule juu yake. Walikifunga kwa kuvumwani, ule uoto laini wa magomeni unaoshika maji, na gunia lililoloweshwa. Safari nzima, basi, kisha treni mpaka Shinyanga, kisha basi tena mpaka Bariadi, Felisita alikipakata. Kila treni iliposimama aliteremka kutafuta maji ya kulowesha gunia, na abiria wakamuuliza kama amebeba samaki.

Kasoli iliwapokea kwa jua. Mhoja alichagua kiwanja chenye mkuyu mkubwa, karibu na kisima, akalifunga lile tawi kwa katani kwenye panda ya mti, upande usiopigwa na jua. Mmea ulisinyaa. Vijiti vikawa na mikunjo. Felisita naye, kwa kweli, alisinyaa. Vumbi la mbuga lilimkaa kifuani, akakohoa kila kiangazi. Majirani walimpenda, maana hakuwa na makuu, na alijifunza kuamkia "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana kwa lafudhi iliyowachekesha wote. Lakini mara nyingi alikaa chini ya mkuyu akitazama juu, na Mhoja alipomwona hivyo moyo ulimuuma kwa hatia.

Kwa kiinua mgongo chake Mhoja alinunua bomba jipya kwa ajili ya pamba. Jioni kabla ya kulitia dawa, alitaka kulijaribu kwa maji. Akalijaza, akalivaa, akapampu, akaelekeza mrija juu kwenye mmea. Maji yalitoka laini, yakatawanyika hewani, yakateremka taratibu. Felisita, aliyekuwa amekaa chini yake, alisimama. Akafumba macho, akainua uso.

"Ukungu," alisema. Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na Mhoja akaendelea kupampu mpaka maji yakaisha.

Kuanzia siku hiyo bomba lile halikuonja dawa. Asiyejua haya ataona ni wendawazimu, lakini Mhoja alikuwa mtu wa mimea: bomba likishatiwa sumu ya funza, hata ulioshe vipi, harufu hubaki kwenye mpira, na mmea ule ungeungua. Angenunua la pili kwa pesa gani? Ushirika haukugawa tena dawa kama zamani, ukitaka ulijitafutia mwenyewe dukani, na zingine zilikuwa maji tu. Akalima kidogo, akavuna kidogo, na kila jioni akawanyeshea ukungu wawili wake.

Jirani yake aliitwa Mashimba. Mtu mwema, mwenye sauti kubwa, mwepesi kukasirika na mwepesi zaidi kusahau. Kila msimu alikuja.

"Mhoja, mwadila. Niazime bomba siku moja tu."

"Mashimba, ningeweza ningekupa. Hili halitiwi dawa."

"Bomba lisilotiwa dawa ni la nini sasa? Kuogeshea miti?"

"Ndiyo."

Mashimba alikuwa akiondoka akigomba peke yake njia nzima. Lakini kilichomkera zaidi hakikuwa bomba. Binti yake Milembe, alipokuwa mdogo, alivunja tawi la mnyaa kwenye ua akicheza, maziwa yakamrukia jichoni. Jicho lile halikuona tena. Na ule mmea wa Mhoja, tuseme ukweli, ukiutazama ni mnyaa mtupu: vijiti vya kijani, vya mviringo, bila majani. Kasoli kila mji una ua wa minyaa. Mtoto wa Kisukuma anaujua mnyaa kabla hajajua kuhesabu.

"Huo mnyaa ulioupandisha juu ya mti," Mashimba alimwambia, "siku moja utamwagia mtoto wa watu maziwa."

"Si mnyaa, ndugu yangu. Hauna maziwa. Ni jamii ya dungusi, unatoka msituni."

"Aka! Unamfundisha Msukuma mnyaa?"

Hata Nyamizi, dada yake Mhoja mwenyewe, alimtania. "Wenzio wamerudi kutoka Tanga na baiskeli, wewe umerudi na mnyaa. Tena umeshindwa hata kuupanda chini!" Watu walicheka, na Felisita alicheka nao. Mwishowe Mhoja aliacha kueleza. Kuchekwa kila siku kunachosha.

Miaka sita ikapita. Mmea ulishika, ukanenepa, vijiti vikarefuka mpaka vikamgusa mtu begani. Lakini haukuzaa. Kila mwaka Felisita aliuliza, "Bado?" Na Mhoja alijibu, "Bado."

Mwanzoni mwa mwaka tisini na tisa, kifua kilimbana Felisita vibaya sana, akalazwa hospitali Bariadi mjini. Mhoja alikuwa akienda na kurudi kwa baiskeli. Jumapili moja aliporudi kupulizia maji aliona kitu cheupe katikati ya kijani. Akaweka ngazi, akapanda kwa magoti yake mabovu. Vilikuwa vitunda, kumi na viwili, vinang'aa. Alivihesabu mara mbili. Kesho yake alipedali mpaka mjini kama kijana, akaingia wodini akihema.

"Umezaa!"

Felisita hakuwa na nguvu ya kuinuka, lakini uso wake ulifunguka. "Vingapi?"

"Kumi na viwili. Nikuletee? Nikuchumie viwili?"

Akafikiri kidogo. "Usivichume. Viache vikomae. Utanichumia siku ile."

"Usiseme hivyo, mke wangu."

"Nasema kwa sababu nimefurahi," akajibu, akamshika mkono. Mhoja alilia hapohapo mbele ya wagonjwa, wala hakuona haya.

Alhamisi Felisita alifariki.

Mwili uliletwa Kasoli jioni ile, mazishi yakapangwa kesho yake saa tisa. Na hapo ndipo uonapo uzuri wa watu wetu, uzuri ambao nao una makali yake. Msiba ukitokea, mfiwa hashiki jembe, hashiki panga, hainuki. Anakaa kwenye mkeka na wazee. Kila kitu kinafanywa na wengine: kuni zinaletwa, kaburi linachimbwa, uwanja unafagiliwa, panapovuja panazibwa. Mashimba, yuleyule aliyenyimwa bomba miaka sita, alikuwa wa kwanza kufika asubuhi ya Ijumaa. Alisimamia vijana kama mwenye mji.

"Fyekeni huku nyuma pia," aliwaambia. "Watu watajaa, watoto watacheza chini ya mkuyu."

Akatazama juu. Akauona mnyaa unaoning'inia mpaka kimo cha mtoto. Akamkumbuka Milembe. Akafunga panga kwenye ufito mrefu, akawaondoa vijana wote, akageuza uso wake pembeni ili maziwa yasimrukie, akakata. Aligeuza uso, hivyo hakuona kwamba kilichodondoka kilikuwa maji matupu kama ya kisimani. Kipande chenye mizizi kikaanguka, wakakitupa motoni pamoja na takataka.

Lakini vijiti vyenyewe hakuvitupa. Mnyaa hautupwi; ukiuchomeka ardhini unaota. Mashimba alijua kuna pengo kwenye ua wa Mhoja, upande wa mashariki, ambapo mbuzi hupenya kuingia shambani, na mwenye nyumba hajawahi kupata nguvu ya kuliziba. Akajizungushia gunia mikononi, akavichomeka vijiti vile vyote kwenye pengo, kimoja kimoja, juani, akavikanyagia udongo. Akarudi akipangusa jasho, ameridhika. Angalau mfiwa atakuta ua wake umezibwa.

Saa nane Mhoja alinyanyuka mkekani. Wazee walimtazama. "Nakwenda kuchukua kitu cha marehemu," akasema. Alizunguka nyuma ya nyumba, akiwa na kisu kidogo mfukoni, kilekile cha kazi ya milimani.

Panda ya mkuyu ilikuwa tupu. Katani ilikuwa inaning'inia.

Alisimama. Akadhani amekosea mti, na mti ulikuwa mmoja tu. Mashimba alimwona akaja mbio.

"Ule mnyaa tumeuondoa, kwa ajili ya watoto. Usijali, hatukuupoteza. Nimekuzibia lile pengo."

Mhoja alimpita. Alikwenda kwenye ua, karibu kukimbia, na Mashimba nyuma yake. Walipokunja kona ya zizi waliwakuta mbuzi wanne wa Felisita. Siku ya msiba nani angekumbuka kuwafunga mbuzi? Walikuwa wamesimama kwenye pengo, wametulia, midomo inatafuna. Katika safu nzima ya vijiti vilibaki visiki vifupi kama kucha, na kimoja cha urefu wa kidole, chenye kitunda kimoja pembeni. Mbuzi dume alikuwa anakinyooshea shingo. Mhoja alimpiga kifuani kwa mikono miwili, akaanguka naye chini.

Mashimba alibaki ameduwaa. Alimtazama mbuzi, akatazama ule ua mwingine wote wa minyaa, ambao tangu dunia iumbwe hakuna mbuzi aliyeugusa.

"Mbuzi anakula mnyaa?" aliuliza polepole. Akainama, akaokota kipande kilichomegwa, akakiminya kwa vidole vitupu. Yakatoka maji. "Mhoja. Huu ulikuwa nini?"

"Ulikuwa wa Felisita," Mhoja akasema akiwa bado amekaa mavumbini. "Ulikuwa kwao."

Mashimba alifunika uso wake. 

Mhoja alikichimbua kile kijiti cha mwisho kwa kisu chake, taratibu, kama alivyofundishwa. Alikitazama kiganjani. Hakuna mtu Kasoli aliyejua anachokijua yeye: kijiti cha urefu ule, ukikifunga leo kwenye gome, kivulini, ukakipulizia maji kila jioni, mvua zijazo zitakikuta kina mizizi. Na ndani ya kile kitunda kimoja zilikuwamo mbegu. Kilikuwa kinaweza kuishi. Angekuwa na kitu cha kurudia nyuma ya nyumba kila jioni, na alizijua jioni zilizokuwa zinamngoja.

Kule mbele ya nyumba katekista alianzisha wimbo. Mhoja akainuka, akajipangusa magoti, akaenda. Kabla hawajafunga jeneza aliomba nafasi. Alifungua kiganja cha mkewe, akakiweka kijiti ndani na kitunda chake, akavikunja vidole kimoja kimoja.

"Kimebaki kimoja, mke wangu," akamwambia. "Vilikuwa kumi na viwili, si nilikwambia. Nisamehe." Wanawake waliangua kilio, bila kujua hasa wanalilia nini, lakini Mashimba, aliyesimama mlangoni, yeye alijua.

Baada ya mazishi Mashimba alikuja kila siku kwa wiki nzima, anakaa, hasemi, anaondoka. Siku aliyoweza kusema aliomba waulizie nauli, aende mwenyewe Usambara kuutafuta mmea mwingine. Mhoja alitikisa kichwa. "Nduhu. Huo mwingine hautakuwa umepakatwa na Felisita kwenye treni." Wala hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi? Mtu amekuzibia ua.

Mwezi wa tatu funza walivamia pamba ya Mashimba. Yeye hakwenda kuomba bomba kwa mtu. Aliona afadhali shamba liishe. Asubuhi moja alipokuwa akiokota funza kwa mkono, jani kwa jani, na Milembe akimsaidia, alimwona Mhoja anakuja kwenye mtaro wa shamba, amebeba bomba mgongoni. Alilivua, akaliweka miguuni pake. Lilikuwa safi, rangi yake bado mpya.

"Mwangaluka, Mashimba. Tia dawa."

"Mhoja, hapana. Hili halitiwi dawa. Wewe mwenyewe umesema."

"Tia," Mhoja akasema. "Wala usilirudishe."